Namba Iliyozoea Tarumbeta

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote. Wenyeji wanaeleza kwamba mchoraji wa ramani alifika mpakani bila kibali, akarudishwa. Ni shirikisho la majimbo saba, na sita kati yake yanajulikana yalipo. Jimbo la saba lina gavana, bajeti na timu ya mpira, na inatarajiwa kwamba siku moja litapatikana. Msomaji asihangaike kuilinganisha na nchi nyingine anayoifahamu. Nimelinganisha mwenyewe, kwa makini, nikaona tofauti mbili.

Mwaka ninaoueleza, Bunge la Shirikisho lilipitisha sheria fupi na ya wazi. Kila anayeuza chochote katika soko la shirikisho awe na Namba ya Mlipakodi ya Shirikisho kabla ya tarehe thelathini ya mwezi wa sita. Kibanda cha asiye na namba kitapewa mwenye namba. Sheria haikusema kwamba mwenye namba lazima awe na kitu cha kuuza. Mbunge mmoja aliuliza kuhusu jambo hilo, akajibiwa kwamba kuuza ni suala la wizara nyingine.

Bi Kidawa Shomvi, mwanamke wa miaka arobaini na sita, alikuwa na kibanda namba thelathini na moja, na hakuwa na namba nyingine. Alikaanga vitumbua. Kibanda chake ndicho pekee kilichotazamana na lango la hospitali. Vibanda vingine mia mbili vya soko hilo vilitazamana na ukuta. Kila asubuhi ndugu wa wagonjwa walipita na chupa za chai na mabakuli ya uji, wakasimama kwake, wakafungiwa vitumbua vya moto kwenye karatasi, wakaingia wodini. Alikuwa hapo kwa miaka kumi na mmoja. Angeondolewa, angebaki na ndoo ya unga wa mchele na ukuta wa kuutazama.

Bwana Mshindo alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa na namba, hakuwa na biashara. Namba aliirithi kwa marehemu baba yake, aliyekuwa na mgahawa. Mgahawa wenyewe ulikwisha zamani, na Bwana Mshindo hakuwahi kuchemsha hata yai. Sheria ilipotangazwa alinunua futi ya kupimia, akaja kuketi juu ya kigoda mbele ya kibanda namba thelathini na moja.

"Dada, sogea kidogo," alisema. "Umekalia alama yangu."

"Si ulipima jana?"

"Jana nilipima upana. Leo napima kimo."

"Na utauza nini hapa, Bwana Mshindo?"

"Sijaamua. Kwanza mahali, mengine baadaye."

"Kula kitumbua basi, huku unaamua."

Alikula viwili. Kila siku alikula viwili na kulipa, kwani alikuwa mtu mwaminifu, hana chuki na mtu, anasubiri tu sheria ifanye kazi yake.

Zulekha, wifi yake Bi Kidawa, aliyekuwa akikoroga unga pembeni, hakumpenda hata kidogo. "Wifi, huyu mtu anatupima kama maiti," alisema bila kushusha sauti.

"Mwache. Maiti gani anakaanga?"

Lakini jioni hiyo Bi Kidawa alihesabu siku zilizobaki. Zilikuwa nane.

*

Idara ya Namba ina jengo la ghorofa tisa lenye ngazi zinazofika ya sita. Watumishi wa ghorofa tatu za juu wanalipwa mishahara yao kwa uangalifu mkubwa, na inasadikika wako kazini. Kodi yenyewe Idara haijawahi kuikusanya, kwa kuwa watumishi wote wanahitajika kwenye namba.

Bi Kidawa alipokewa na Msajili Msaidizi, Bwana Tegemeo Lwanda, mtu mpole aliyevaa tai mbili, moja ya Idara na moja yake mwenyewe.

"Namba zimekwisha, mama," alisema.

"Zimekwisha namna gani?"

"Kama kinavyokwisha kitu chochote. Zilianzia moja, zikaenda, zikaenda, Jumanne moja mwaka juzi zikafika elfu tisa mia tisa tisini na tisa. Tulisimama wote tukapiga makofi. Wengine walilia."

"Si baada ya hapo kuna elfu kumi?"

Bwana Lwanda alimtazama kwa huruma. "Elfu kumi ina tarakimu tano, mama."

Akafungua kisanduku akamwonyesha Muhuri. Ulinunuliwa ng'ambo na Msajili wa kwanza wa Shirikisho, ukiwa na magurudumu manne ya tarakimu, na sheria yote ya kodi iliandikwa kuufuata. Baadaye iliundwa Tume ya Tarakimu ya Tano. Ilikaa miaka sita, ikazuru nchi kumi na moja zinazotumia tarakimu ya tano, ikaandika kwamba katika nchi hizo tarakimu ya tano inafanya kazi vizuri, ila wananchi wa huko wameizoea. Tume iligundua pia kwamba muhuri wa magurudumu matano hautaingia kwenye kisanduku, kisanduku kikubwa zaidi hakitaingia kwenye sefu, na sefu kubwa zaidi haitapita mlangoni. Na mlango una jiwe la msingi.

"Kwa hiyo tunasubiri biashara ya mtu ife, namba yake ipate nafasi," alisema Bwana Lwanda. "Kwenye orodha wewe ni wa elfu nne mia moja kumi na nane."

"Na tarehe thelathini ni wiki ijayo."

"Ndiyo. Sisi hatupangi tarehe, mama. Tunapanga namba."

Bi Kidawa hakuinuka. Alikuwa amezoea kusubiri mafuta yachemke, naye alimsubiri Bwana Lwanda vivyo hivyo, akimtazama, mpaka Bwana Lwanda akakohoa.

"Kuna namba yatima," alisema. "Hizo hazina orodha, maana hakuna anayezitaka. Shida yake, namba hurithiwa pamoja na kazi yake. Mafaili yamepangwa rafuni kwa kazi, na namba ikihamishwa rafu inapotea. Tuliwahi kuhamisha moja. Haijaonekana tena, na mwenyewe pia."

Yatima zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya shamba la mbuni, ya pili ya kampuni ya wapiga mbizi, ya tatu ya bendi ya tarumbeta.

"Mbuni sikushauri," alisema Bwana Lwanda. "Daktari wa mifugo huja kila mwezi, na atataka kuwaona. Wapiga mbizi wanatakiwa kuripoti hapa ofisini wakiwa wamelowa. Bendi haina usumbufu. Imekaa kimya miaka kumi na minne na hakuna aliyelalamika."

"Lakini mimi nakaanga vitumbua."

"Endelea kukaanga. Hayo ni mambo yako binafsi. Kwenye karatasi utakuwa unapiga tarumbeta."

Hivyo ndivyo Bi Kidawa Shomvi alivyopata namba 6207, ya Bendi ya Tarumbeta ya Nuru ya Majimbo, yenye wapigaji kumi na wawili. Bwana Lwanda alizungusha magurudumu moja moja, akapiga muhuri, akasimama wima.

"Kuanzia leo, mama, Taifa linakutambua."

"Linanitambua kama tarumbeta."

"Wengi hawatambuliwi kabisa," alisema Bwana Lwanda, na kwa mujibu wa takwimu alikuwa anasema kweli.

*

Bwana Mshindo aliusoma waraka wa namba 6207 uliobandikwa ukutani mwa kibanda, akausoma tena, akakunja futi yake. Hakuwa mtu wa fitina, ila aliheshimu sheria. Aliandika barua kueleza kwamba namba 6207 ni ya bendi, na kwamba katika kibanda namba thelathini na moja, kwa siku zote alizokaa pale, hajasikia tarumbeta.

Idara ilimtuma Mkaguzi, Bi Tunu Mgaya. Mkaguzi wa Shirikisho huja na fomu yenye maswali tisa. Haruhusiwi kuuliza la kumi, na haruhusiwi kuandika jambo ambalo fomu haikuuliza.

"Ala zipo?" aliuliza Bi Tunu.

Bi Kidawa aliinua chuma chake cha vitumbua.

"Imetengenezwa kwa nini?"

"Chuma."

"Ina matundu?"

"Saba."

Bi Tunu aliandika: chuma, matundu saba. "Inatoa sauti?"

Bi Kidawa alimimina unga kwenye mafuta ya moto. Bi Tunu alisikiliza kwa makini mpaka mwisho, akaandika kwamba sauti ipo, na kwamba inaanza kwa nguvu na kutulia polepole.

"Wapita njia husimama?"

Walikuwa wamesimama kumi na wanne, wameshika mabakuli. Aliwahesabu.

"Wapigaji wako kumi na wawili?"

"Mimi na wifi yangu."

"Na wale kumi?"

"Wamekwenda kuoga," alisema Zulekha.

Bi Tunu aliandika: kumi hawapo kwa sababu za usafi. Kisha akachukua sampuli sita, akaonja nne.

Bwana Mshindo alishindwa kuvumilia. "Bi Mkaguzi, hivi ni vitumbua. Macho yako yanaona."

"Macho yangu yanaona, Bwana. Fomu haina mahali pa kuandikia macho."

Najua wapo watakaomcheka Bi Tunu. Mimi simo. Mkaguzi aliyemtangulia alikuwa na tabia ya kuandika alichokiona, na sasa anakagua mipaka ya jimbo la saba. Chini ya fomu, katika nafasi ya maoni, Bi Tunu aliandika: "Bendi hai. Inanukia vizuri." Akatia saini. Tarehe thelathini ikapita, na kibanda kikabaki cha mwenyewe.

*

Maneno "bendi hai" ndiyo yaliyoleta balaa. Yalipanda ghorofa moja baada ya nyingine mpaka zilipoishia ngazi, yakavuka barabara, yakafika katika Wizara ya Sherehe na Maafa. Huko walikuwa wakitafuta bendi kwa ajili ya Siku ya Shirikisho. Rejista nzima ilikuwa na bendi thelathini na nane, na kwa mujibu wa wakaguzi ni moja tu iliyokuwa hai.

Barua ililetwa kibandani na askari aliyepiga saluti kwanza kwa Bi Kidawa, halafu kwa chuma. Bendi ya Nuru ya Majimbo iliamriwa kutumbuiza mbele ya Mheshimiwa Rais, uwanjani, saa nne asubuhi. Isipotokea, au ikitokea bila kutumbuiza, namba itafutwa siku hiyo hiyo, na kibanda kitapewa mwenye namba aliye karibu.

Bi Kidawa aliketi juu ya debe. Bwana Mshindo, aliyekuwa amesoma begani kwake, alitoa futi yake mfukoni akaanza kuikunjua.

"Kaka, ingoje basi hiyo siku ifike," alisema Zulekha.

"Nakagua tu kama imepinda."

Kesho yake Bi Kidawa alikuwa mbele ya Bwana Lwanda.

"Uliniambia ni kwenye karatasi tu."

"Nilikwambia kweli, mama. Sasa karatasi inakuita."

"Sijawahi kushika tarumbeta maisha yangu yote."

"Unajishusha. Mkaguzi amekusifu."

"Nikisema naumwa?"

"Bendi huumwa ikiwa wote kumi na wawili wanaumwa, kila mmoja na cheti chake. Na magonjwa yawe tofauti. Yakifanana inakuwa maafa, na hapo inabidi Wizara iwahudumie."

Bwana Lwanda alimwonea huruma kweli. Aliangalia mlango, akainama, akamweleza jambo ambalo kila mtumishi wa Shirikisho analijua na kila mwananchi analihisi. Katika nchi hiyo taarifa rasmi ya sherehe huandikwa wiki mbili kabla ya sherehe. Huchapwa, hutiwa saini, husambazwa magazetini. Siku yenyewe ikifika, maofisa wa Wizara husimama uwanjani wakiwa na nakala mkononi, wakihakikisha kwamba mambo hayaendi kinyume chake. Mwaka mmoja mvua ilinyesha wakati taarifa ilisema jua liliwaka. Rais alikaa saa mbili bila mwavuli, akifuta jasho.

"Kwa hiyo ya mwaka huu iko tayari," alisema Bi Kidawa.

"Iko tayari. Lakini ni siri mpaka mambo yatokee."

"Ni siri nisiyotakiwa kuijua mimi, na mambo yatafanywa na mimi?"

Bwana Lwanda alifikiri. Alitafuta kifungu cha kumkatalia, na mtu mwenye tai mbili hakatai bila kifungu. Akafungua mtoto wa meza, akasoma kwa sauti ya chini:

"'Saa nne kamili Bendi ya Nuru ya Majimbo iliingia uwanjani na ala zake zinazong'aa. Ilitumbuiza kwa dakika tisa bila kupumzika. Mheshimiwa Rais alitikisa kichwa mara tatu kwa kuridhika. Wananchi walishindwa kujizuia, wakainuka vitini na kusogea mbele. Wazee walitokwa na machozi. Mheshimiwa Rais aliomba irudiwe.'"

"Soma tena, Bwana Lwanda. Polepole."

Alisoma tena.

"Wapi pameandikwa tarumbeta?"

Alisoma mara ya tatu, kidole kikifuata mstari. "Hapajaandikwa. Nadhani mwandishi aliona inajulikana."

"Vizuri," alisema Bi Kidawa. "Uwanja wenyewe unakingwa na upepo upande gani?"

*

Siku ya Shirikisho ilifunguliwa na Waziri wa Sherehe na Maafa, Mheshimiwa Profesa Mhandisi Balozi Dominiki Kasambala. Alizungumza kwa saa moja na nusu juu ya mafanikio ya sera ya namba.

"Ndugu wananchi," alisema, "kabla ya Serikali hii mlikuwa watu wengi tu. Leo ninyi ni elfu tisa mia tisa tisini na tisa. Ninawauliza: ni nchi gani nyingine inayojua idadi yake kwa uhakika kama huo? Mtu bila namba si kitu. Namba bila mtu bado ni namba, na hapo ndipo lilipo tumaini la Taifa letu."

Watu walipiga makofi mahali palipoandikwa makofi.

Saa nne kamili Bi Kidawa aliingia uwanjani. Nyuma yake walikuja Zulekha na wauza mchicha kumi wa soko, wote wamevaa khanga za aina moja, wamebeba majiko kumi na mawili ya mkaa na vyuma kumi na viwili vilivyosuguliwa kwa mchanga mpaka vikang'aa. Unga ulikuwa umeumuka tangu alfajiri, una tui zito na iliki. Mbele kabisa, katika viti vya wananchi wenye namba, alikaa Bwana Mshindo, futi mfukoni, akiwa na uso wa mtu anayesubiri basi lake ambalo ameliona likikata kona.

Bi Kidawa aliinua kijiti chake cha kugeuzia. Vyuma kumi na viwili vilipokea unga kwa wakati mmoja, na uwanja mzima ukasikia. Nimeongea na watu waliokuwapo. Wanakubaliana kwamba bendi haijawahi kuanza vizuri namna ile.

Chuma kimoja huchukua dakika tatu. Zilikaangwa awamu tatu, na hapakuwa na mapumziko kati yake. Ya kwanza ilipotoka, Rais alipelekewa kitumbua kwenye sahani, akakila, akatikisa kichwa. Ya pili, akatikisa. Ya tatu, akatikisa na kufumba macho. Zulekha, kwa ukarimu wake, akamwongezea cha nne, na kichwa cha Rais kikaanza kusogea, ndipo ofisa mwenye nakala alipomnong'oneza. Rais alikila cha nne kwa shida kubwa, shingo ikiwa imekaza kama mti.

Harufu ya iliki ilipanda majukwaani. Wananchi wakainuka vitini wakasogea mbele. Upepo ukageuka kidogo, moshi wa mkaa ukaelekea waliko wazee, na wazee wakatokwa na machozi. Maofisa wa Wizara walikuwa wakitia alama ya vema kwenye nakala zao. Ilibaki sentensi moja.

"Irudiwe," alisema Rais.

Ofisa mmoja alimkumbatia mwenzake. Katika historia yote ya Shirikisho hilo, haikuwahi kutokea sherehe ikalingana na taarifa yake neno kwa neno.

Waziri peke yake alionekana kuwa na shaka. "Kwani hii ni bendi?" aliuliza. Wakampa nakala ya taarifa na kitumbua. Alisoma, akatafuna, akameza.

"Ni bendi," alisema.

*

Jumatatu iliyofuata alikuja askari yule yule, safari hii na barua ndefu zaidi na sanduku. Kwa kutambua utumishi wake, Bendi ya Nuru ya Majimbo ilipandishwa cheo kuwa Bendi ya Ikulu. Itakuwa na sare yenye vifungo vya dhahabu na kofia yenye unyoya. Itatumbuiza Ikulu kila itakapoitwa, mara tatu hivi kwa mwaka. Na kwa kuwa heshima ya Ikulu hairuhusu bendi yake kutumbuiza sokoni, kibanda namba thelathini na moja kifungwe ndani ya siku saba.

Bi Kidawa aliisoma mpaka mwisho. Angeshindwa uwanjani, angepoteza kibanda. Alikuwa ameshinda, na anakipoteza kibanda kwa pongezi.

"Mara tatu kwa mwaka," alisema Zulekha. "Siku zile nyingine tutakula unyoya?"

Mbele yao palikuwa na mwanamke mwenye chupa ya chai, mumewe amelazwa wodi namba nne, akisubiri cha tano kiive. Bi Kidawa alimfungia, akampa, akabaki anatazama lango. Kisha akamtazama Bwana Mshindo.

Bwana Mshindo hakuwa anapima. Tangu siku ya uwanjani hakuwa yule wa zamani. Alikuwa amefungua sanduku, ameshika koti la sare kwa ncha za vidole.

"Vifungo kumi na sita, dada," alisema. "Nimehesabu."

"Bwana Mshindo, namba ya marehemu baba ni ya mgahawa, sivyo?"

"Mgahawa. Chai na vitafunio."

"Na kibanda hiki, niambie kweli, ulikuwa unakitakia nini?"

Aligeuza kifungo kimoja kwa kidole. "Niwe mahali ambapo watu wakipita wananiona."

"Vaa hilo koti," alisema Bi Kidawa.

*

"Namba hazibadilishwi," alisema Bwana Lwanda. "Kubadilishana ni biashara ya namba, na biashara ya namba inahitaji namba."

"Sikuja kubadilishana. Nimekuja kufa."

Bwana Lwanda aliweka kalamu chini.

"Kibiashara," alisema Bi Kidawa. "Na huyu ndiye mrithi wangu."

Akafunguliwa kitabu cha kanuni. Biashara ikifa, namba huenda kwanza kwa ndugu wa biashara, kabla ya wale elfu nne wa kwenye orodha. Ndugu wa biashara ni mtu aliyekula kwa marehemu kwa siku thelathini au zaidi. Bwana Mshindo alikula viwili kila siku, kwa siku sabini na tatu, na kumbukumbu zake zilikuwa safi kwa sababu alikuwa akiandika vipimo. Undugu huo, kanuni zinasema, huenda pande zote mbili. Matanga ni ya lazima: jamvi, kahawa chungu, dakika saba za ukimya, na angalau mtu mmoja wa kulia.

Jamvi lilitandikwa kati ya kabati mbili. Zulekha ndiye aliyekuja kulia, na alilia vizuri mno, kwa kuwa alikuwa akicheka.

"Nani anatangulia?" aliuliza Bwana Lwanda, kalamu tayari.

"Atangulie yeye," alisema Bwana Mshindo. "Mimi bado nina woga."

Bi Kidawa alifariki kibiashara saa nne na dakika mbili, akaomba kahawa ya pili. Bwana Mshindo akairithi Bendi ya Ikulu. Hapo palitokea tatizo la kisheria, kwani kwa zile dakika saba za ukimya Bwana Mshindo alikuwa na namba mbili, jambo lenye kifungo cha miaka mitano. Bwana Lwanda aliligeuzia kisogo jamvi, akatazama dirishani dakika zote saba, akihesabu kimoyomoyo nazi za mnazi uliokuwa nje. Kisha mgahawa wa marehemu baba nao ukafariki, Zulekha akalia mara ya pili, na Bi Kidawa akaurithi.

"Poleni sana," alisema Bwana Lwanda, akazungusha magurudumu. "Na hongereni."

Bi Tunu alikuja kukagua kibanda wiki iliyofuata. Aliuliza maswali yote tisa, akafika mwisho akiwa na wasiwasi. Katika miaka ishirini ya kazi, alisema, hajawahi kukuta mahali ambapo kilichoandikwa ndicho kinachofanyika, akamuuliza Bi Kidawa kwa upole kama kuna kitu anachokificha. Hakikupatikana. Alichukua sampuli sita.

*

Bwana Mshindo alihamia kwenye chumba kidogo nyuma ya Ikulu. Watu walipita getini wakamwona. Alikuwa na vifungo kumi na sita, unyoya, na chuma kipya chenye matundu saba ambacho hakujua kukitumia. Kwa mwezi mmoja alikuwa mtu mwenye furaha. Kisha asubuhi moja Rais aliwakaribisha mabalozi, akaagiza bendi.

Foleni ya kibanda namba thelathini na moja ilikuwa imefika lango la hospitali wakati sare nyekundu ilipotokea mbio upande wa barabara. Bwana Mshindo alikuja mpaka mbele, akaweka mkono kwenye meza, akivuta pumzi.

"Dada, Ikulu wanataka tumbuizo saa nne."

"Kubwa kiasi gani?"

"La watu arobaini. Viwili viwili."

"Panga foleni."

"Mimi ni Bendi ya Ikulu, dada."

Bi Kidawa alikuwa akigeuza, kimoja baada ya kingine, kwa kijiti. Alimwelekezea kidevu mzee aliyekuwa wa kwanza, mwenye bakuli la uji lililofunikwa kwa kitambaa.

"Huyu ana mgonjwa," alisema.

Bwana Mshindo alimtazama mzee, akalitazama bakuli. Alirudi nyuma kupita watu ishirini na sita, akasimama mwisho wa foleni, akavua kofia ili unyoya usimpige usoni mama aliyekuja baada yake.